Inchi 27 za nini kama rangi inabadilika ukisimama?

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote hapo ofisini. Mimi nafanya kazi ya kudizaini kadi, mabango na vitabu vya risiti hapa Nasser Road, Kampala, na leo naandika juu ya yale matangazo ya skrini za kompyuta mnayoyaweka gazetini, yale ya "inchi 27, LED, Full HD, bei poa". Sisemi ni uongo. Ila ukiyasoma yote mpaka chini hupati hata neno moja la kukuambia kama picha yenyewe itakuwa nzuri au itakuwa balaa.

Mwaka jana nilichoka na kaskrini kangu ka zamani nikaingia duka moja hapa mjini, jina silitaji, nikakuta hiyo ya inchi 27 imewashwa inaonyesha video ya samaki wa baharini, inang'aa mpaka unatamani kuvaa miwani ya jua. Kijana wa duka akaniambia bosi hii ni LED, si LCD kama hiyo yako ya nyumbani. Nikatoa laki 7, nikapanda boda na boksi nimelikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Kumbe LED ni taa tu! Kioo chenyewe ni LCD ile ile, tofauti ni kwamba zamani nyuma yake walikuwa wanaweka vityubu vyembamba vya mwanga na siku hizi wanaweka vitaa vya LED. Kinachoamua rangi utazionaje ni aina ya paneli, yaani hicho kioo cha picha, na za kawaida ni tatu: TN, IPS na VA. Boksi langu halikusema ni ipi. Nilikuja kujua ni TN baada ya kuumia.

Niliumiaje? Alikuja mama mmoja kutoka Jinja, kiswahili anakichapa kwa sababu alikulia kota za reli, anataka kadi za harusi ya binti yake, rangi ya damu ya mzee, na kipande cha kitambaa cha gomesi, lile gauni la heshima la kina mama wa Uganda, ametoa kwenye mkoba akaniwekea mezani. Mimi nimekaa kwenye kiti, yeye amesimama nyuma yangu. Nikaweka rangi, nikaona sawa kabisa na kitambaa. Mama akasema hapana mwanangu, hiyo imepauka, ni kama tofali. Nikaongeza giza. Akasema bado. Nikaongeza tena, mimi sasa naona inaelekea nyeusi lakini mteja ni mteja, akasema ehee hapo hapo, usiguse. Tukachapa kadi 300. Siku ya kuchukua akafungua boksi akanyamaza, halafu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii si kahawa?"

Nilirudia kazi yote kwa pesa yangu. Jioni nikabaki peke yangu na ile skrini, nikakaa nikaangalia, nikasimama nikaangalia, nikachuchumaa nikaangalia, rangi moja ikawa rangi tatu. Ndiyo tabia ya TN: ukiiangalia kutoka juu picha inapauka, ukiiangalia kutoka chini inakuwa giza na sehemu nyingine zinageuka kama negativu ya picha za zamani. Kwa hiyo mimi na yule mama tulikuwa tunabishana juu ya rangi mbili tofauti na kila mmoja alikuwa anasema ukweli wake. Wenzangu watasema ungefuata namba za CMYK, yaani vipimo vya wino wa kuchapia, na ungempa kwanza prufu ya karatasi, nakala moja ya kujaribia. Kweli, hilo kosa ni langu nalikubali. Halafu mwangaza nao nilikuwa nimeuacha asilimia 100 kama ulivyotoka kiwandani, na skrini ikiwaka hivyo kila kitu ukichapa kinatoka na giza kuliko ulichokiona. Siku hizi nimeushusha mpaka karatasi nyeupe nikiishika pembeni ya skrini, hizo nyeupe mbili zinalingana.

Sasa tuje kwenye umbo, maana na hapo niliingizwa mjini. Kwa mbele ni maridadi, fremu nyembamba, nyepesi, umeme inakula kidogo, sina neno. Lakini standi! Haipandi haishuki, inainama kidogo tu mbele na nyuma. Nimeiwekea rimu mbili za A4 chini ndiyo shingo ikapumua. Chumba cha jirani kuna mashine ya kuchapa, ikianza kupiga kazi meza inatetemeka kidogo tu lakini skrini inatikisa kichwa kama mtu anayekataa deni. Nyuma nikatafuta zile tundu nne za VESA za kufungia mkono wa ukutani, hakuna. Na vitufe wamevificha chini ya fremu, vyote vinafanana, mara ngapi nimetaka kushusha mwangaza nikazima skrini mteja akiangalia.

Na hizo inchi wanazojisifia. Full HD ni pikseli, yaani vinukta vya picha, 1920 kwa 1080, ziwe kwenye inchi 22 au 27 hesabu ni ile ile, ni sawa na kuchukua chapati moja ukaisukuma iwe kubwa, unga haukuongezeka. Kwenye inchi 24 unapata kama pikseli 92 kwa kila inchi, kwenye 27 zinashuka mpaka 82 hivi, ndiyo sababu maandishi madogo ya risiti naona yana meno meno. Sisi tunaokaa karibu na skrini siku nzima tunaliona hilo, anayeangalia mpira kutoka kwenye kochi hawezi kujali.

Kuna tangazo lingine linasema kontrasti, yaani nyeupe inavyoizidi nyeusi kwa mwanga, ni milioni 10 kwa moja. Hiyo ni hesabu ya taa kuzimwa picha ikiwa nyeusi na kuwashwa mpaka mwisho ikiwa nyeupe, sio kitu unachokiona kwenye picha moja. Paneli ya IPS ya kawaida huwa kama 1000 kwa moja, VA inafika 3000 na zaidi, nyeusi yake ni nyeusi kweli ingawa vitu vya giza vikitembea vinaacha kivuli. IPS nayo ukizima taa za chumba usiku unaona pembe zinang'aa ng'aa. Hakuna malaika hapo.

Mimi mwisho nilienda kwa wauza mitumba, nikapata ya inchi 24 ya IPS iliyotoka ofisi fulani huko nje, fremu imechubuka na ina alama ya stika ambayo haikubali kutoka, laki 3 na nusu. Standi inapanda, inashuka, inageuka hata kusimama wima. Lakini safari hii sikukubali video ya samaki, nilikuja na flashi yangu. Ndani nina ukurasa mweupe mtupu wa kutafuta madoa ya manjano na pikseli zilizokufa, ukurasa mweusi, mteremko wa kijivu kutoka nyeusi mpaka nyeupe ambao kwenye skrini mbovu unakatika katika kama ngazi, risiti yenye herufi ndogo sana, na picha ya shangazi yangu amevaa gomesi ambayo rangi yake naijua hata nikiwa usingizini. Muuzaji alinishangaa navyosimama na kuchuchumaa mbele ya duka lake lakini aliniacha, na ndiyo maana alipata pesa yangu.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Mnapopokea hayo matangazo waulizeni wenye maduka waandike aina ya paneli na kama standi inapanda, ni maneno matano hayazidi. Na ninyi wenye maduka, mteja akija na flashi msimwambie eti mashine ya shoo haiguswi.

Ile ya inchi 27 sikuiuza, kijana wangu anaandikia invoisi na jioni anaangalia mpira. Na yule mama wa Jinja amerudi mwezi uliopita, binti wa pili anaolewa. Nilimvutia kiti akakataa, akasimama nyuma yangu akaangalia skrini, halafu akakunja gomesi lake vizuri, akachuchumaa, akaangalia tena. "Sawa," akasema, "lakini kwanza nipe karatasi."

Wenu,
Dizaina wa Nasser Road,
Kampala