Mgonjwa asiruhusiwe kabla anayemuuguza hajafundishwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme kuhusu wagonjwa wanaorudishwa nyumbani wakiwa bado hawawezi kujigeuza kitandani: waliopata kiharusi, waliovunjika nyonga, wenye saratani iliyosambaa, wazee walioishiwa nguvu. Sisi ni wauguzi na wataalamu wa tiba ya viungo, na kazi yetu ni kuwafuata wagonjwa wa aina hii majumbani.

Siku ya ruhusa familia hupewa karatasi, mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki. Maelekezo ya kumtunza hutolewa mlangoni wakati gari linasubiri: "Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mlisheni vizuri." Maneno hayo ni sahihi kabisa, lakini aliyeambiwa hajawahi kumgeuza mtu mzima asiyejiweza. Tunaomba hospitali zisimruhusu mgonjwa wa kitandani mpaka yule atakayemuuguza amgeuze, amlishe, amsafishe na amwinue kwa mikono yake mwenyewe, muuguzi akiwa pembeni anamwangalia.

Tuanze na kugeuza, kwa sababu hapo ndipo madhara huanzia. Kidonda cha kulalia mara nyingi hakianzii juu. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro damu haipiti, na ya ndani hufa kabla ngozi haijapasuka. Ndiyo maana familia huona doa dogo Jumatatu, na wiki haijaisha wanakuta shimo. Kila asubuhi wakati wa kumwogesha kagua mfupa wa chini ya mgongo, nyonga zote mbili, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, nyuma ya mabega na kisogo. Wengi hufundishwa kutafuta wekundu usiopotea ukiubonyeza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja: je, pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama embe lililoiva kupita kiasi? Rangi imeelekea zambarau? Ukipata jibu la ndiyo hata kwa moja, mgonjwa asilalie upande huo mpaka hali itoweke.

Kumgeuza peke yako kunawezekana. Mgonjwa akiwa chali na unataka alalie kushoto, simama kushoto kwake. Mkono wake wa kushoto usogeze mbali na ubavu, wa kulia ulaze kifuani, goti la kulia likunje, wayo ukanyage godoro. Weka kiganja kimoja nyuma ya bega la kulia na kingine nyuma ya nyonga ya kulia, kisha umvute kuja kwako, bega na nyonga kwa pamoja. Usimwache akalala ubavu kamili, kwani mfupa wa nyonga ukibeba uzito wote nao utachimbika. Mwekee mto mgongoni ili aegemee kidogo tu, nyuzi 30 hivi. Mto mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Kipimo ni karatasi: ikipita chini ya kisigino bila kugusa, umeweka sawa.

Mkiwa wawili, tandikeni shuka iliyokunjwa mara mbili kuanzia mabegani hadi mapajani, kunjeni kingo zake karibu na mwili wake, mmwinue nayo. Kumburuta juu ya godoro huchuna ngozi hata kama umemgeuza kwa wakati. Na kwa aliyepooza upande mmoja, mkono uliopooza usivutwe kamwe, iwe kumgeuza, kumkalisha au kumvalisha shati. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na bega likishachomoka mgonjwa anaweza kuishi na maumivu yanayozidi yale ya ugonjwa wenyewe.

Yapo mambo yanayofanywa kwa upendo mkubwa na yanaharibu. La kwanza ni kusokota kanga kuwa kata na kuiweka chini ya makalio au kisigino. Kata hubana duara zima, na nyama ya katikati hukosa damu. La pili ni kusugua kwa spiriti au kukanda kwa nguvu palipobadilika rangi. Chini yake pana nyama iliyoumia, na kusugua kunaimalizia. La tatu, kidonda kikishafunguka, ni kumimina unga wa kapsuli za antibiotiki. Kidonda kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, kisha kifunikwe kisikauke. Metronidazo iliyosagwa, dawa ya kuua bakteria, ina nafasi yake kwenye vidonda vinavyonuka, ila aamue muuguzi aliyekiona.

Kulisha kunaua kimyakimya zaidi. Aliyepata kiharusi asipewe chochote mdomoni kabla mtaalamu hajampima kumeza. Akishakubaliwa, akae wima kabisa, kidevu kikielekea kifuani kidogo. Kijiko cha chai, nusu tu, upande wa mdomo ulio mzima. Subiri uone koo limepanda na kushuka ndipo uongeze. Akikohoa, au sauti yake ikiwa kama ina maji ndani, simama hapo hapo. Wengi hudhani maji na chai ndivyo vyepesi kumeza; kwake ni hatari kuliko uji mzito, kwa sababu hukimbia na kuingia njia ya hewa kabla koo halijajifunga. Uji uwe mzito wa kudondoka polepole kutoka kwenye kijiko. Akimaliza, kagua shavu la upande uliopooza, chakula hujificha pale, na abaki amekaa kwa dakika 30. Msafishe kinywa asubuhi na jioni hata kama hali chakula kwa mdomo. Uchafu wa kinywa unaoteremka mapafuni ndio chanzo cha nimonia nyingi za wagonjwa hawa.

Mwenye mpira wa kulishia unaopita puani awekewe alama ya kalamu kwenye mpira pale unapotokea puani. Alama ikisogea nje, hakuna kulisha mpaka muuguzi aje. Uji uchujwe, ushuke wenyewe kwa bomba la sindano la mililita 50 lililoinuliwa bila kusukumwa, na maji mililita 30 yapite kabla na baada. Kuhusu mpira wa mkojo: mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu lakini usiguse sakafu, na umwagwe ukifika theluthi mbili. Mkojo usipotoka kwa saa 4, tazama kwanza kama mpira umejikunja au mgonjwa ameulalia, kisha piga simu. Usiuvute. Ndani ya kibofu kuna puto lililojazwa maji, na ukivuta linachana njia ya mkojo.

Sasa tugeukie anayeuguza, ambaye kwenye faili hana hata mstari mmoja. Kugeuza kila baada ya saa 2 ni mara 12 kwa siku. Kwa wiki sita ni mara 504, mchana na usiku. Hakuna binadamu anayeweza hilo peke yake, na kumwambia avumilie si ushauri wa kitaalamu. Kwa mgonjwa mwenye godoro zuri la povu zito, ambaye ngozi yake haijabadilika kwa siku kadhaa, muuguzi anaweza kuruhusu muda wa usiku urefushwe hadi saa 4, huku ngozi ikikaguliwa kila asubuhi. Kwa anayeuguza, huko ndiko kupata usingizi wa kweli. Kadhalika kwa anayetumia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa 4, daktari anaweza kuelekeza dozi ya wakati wa kulala iwe mara mbili ili wote wawili wapumzike. Muulizeni daktari, msiongeze wenyewe. Na anayeandikiwa mofini aandikiwe na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, maana mofini hufunga choo, na mgonjwa aliyekaa siku tano bila kupata choo hakai kwa amani, wala anayemuuguza.

Mgongo wa anayeuguza nao una kanuni zake. Kumwinua mgonjwa aketi kwenye kiti, kiti kiwe upande wake wenye nguvu, kimeegemezwa ukutani kisirudi nyuma. Nyayo zake zikanyage sakafu. Mfunge kanga iliyokunjwa kiunoni, uishike hiyo, si makwapa yake. Magoti yako yazuie magoti yake, mgongo wako unyooke, mhesabu pamoja hadi tatu. Asikushike shingo: akiteleza, anakwenda na shingo yako. Kwa mgonjwa ambaye hatoki kitandani kabisa, inua kitanda kwa magogo manne yaliyochimbwa kishimo ili miguu ya kitanda isiteleze, godoro lifike usawa wa nyonga zako. Anayetoka kitandani abaki na kitanda cha chini, la sivyo miguu yake haitafika sakafuni.

Ndugu wanaokuja kumjulia hali na matunda na soda wanafanya jema. Wangesaidia zaidi kwa kuchukua usiku. Katika kikao cha familia, mbali na kugawana michango ya fedha, gawaneni usiku kwa majina: huyu Ijumaa, yule Jumamosi. Kwa kawaida mzigo huachiwa binti mmoja asiyeolewa au mke, ambaye presha yake mwenyewe hajaipima kwa miezi. Ndiyo maana tunawasihi wenzetu wa kliniki: mgonjwa akiletwa, mpimeni presha na aliyemleta, na mumuulize amelala saa ngapi usiku uliopita.

Hapa sheria nayo ina pengo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mzazi au mwenza, siku hizo zenye malipo zimetajwa kwa kifo tu. Baba akipooza leo, mwanawe hana siku hata moja yenye malipo iliyotengwa kwa kujifunza kumgeuza, akizikwa, anazo. Tunaomba Bunge lirekebishe hilo, na hata siku 4 zingetosha kwa mafunzo tunayoyaombea wodini.

Tuwasemee pia wanaofanya kazi hii kwa malipo. Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Tunaupokea kwa moyo mweupe. Lakini mhudumu anayeingia nyumba yenye kidonda bila glovu, bila nauli na bila namba ya muuguzi wa kumpigia atafika mara moja, na asiwe na sababu ya kurudi. Kufunga kidonda kikubwa cha kulalia vizuri, pamoja na kumsafisha mgonjwa na kumwonyesha mwenye nyumba, ni kazi ya dakika 45 au saa nzima. Wanaopanga ratiba wahesabu hivyo, na waache nafasi ya mhudumu kuzungumza na mwenzake pale mgonjwa aliyemzoea anapofariki.

Na familia zinazoajiri muuguzi wa kulala nyumbani zikumbuke kwamba sheria hiyo hiyo ya ajira inampa saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Hakuja kupika na kufua nguo za watoto. Akichoka atakosea dawa, na atakayeumia ni mzazi wenu.

Tunachopendekeza hakihitaji jengo jipya. Siku mbili kabla ya ruhusa, wodi imwite anayeuguza kwa jina, afanye yale manne, yaani kugeuza, kulisha, kusafisha na kuinua, na muuguzi asaini kwamba ameyaona. Akishindwa moja, arudie kesho yake. Nakala ya karatasi ya ruhusa ipelekwe zahanati ya karibu na kwa mhudumu wa mtaa, na mtu amtembelee mgonjwa ndani ya siku 3 za kwanza, kwa sababu makosa mengi hufanyika hapo. Familia iondoke na ukurasa mmoja wenye ratiba ya kugeuza: saa 12 kushoto, saa 2 chali, saa 4 kulia, na kuendelea, pakiwa na nafasi ya kuweka alama, dalili tano za kupiga simu, na namba ya wodi inayopokelewa. Ukurasa huo uandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwa kuwa utabandikwa ukutani na kusomwa saa 8 usiku kwa mwanga wa simu.

Wauguzi na wataalamu wa tiba ya viungo,
Dar es Salaam