Mapumziko ya mfanyakazi ni jukumu la mwajiri pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu suala linalowagusa watu wengi wenye kazi za majukumu mazito, wakiwamo wauguzi, wanasheria, wahasibu, wahandisi na hata ninyi wanahabari, nalo ni namna ya kuifanya kazi ipasavyo bila kuiacha imeze maisha yote ya nyumbani.

Ushauri unaotolewa kila mara kuhusu jambo hili humwelekea mfanyakazi mwenyewe. Anaambiwa apange ratiba, aamke mapema, afanye mazoezi, ajifunze kukataa. Sina ugomvi na ushauri huo, lakini naona unamtwisha mtu mmoja mzigo ambao kwa sehemu kubwa umefungwa na wengine. Idara iliyopaswa kuwa na watu watano ikiendeshwa na watatu, hakuna ratiba ya mtu binafsi itakayoleta saa za wale wawili waliokosekana. Saa hizo zitatafutwa kwingine, na kwa kawaida hupatikana kwenye usingizi, kwenye ndoa na kwa watoto.

Tazama jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Saa tatu usiku mkuu wa idara anatuma ujumbe katika kundi la kazini: "Samahani kwa usumbufu, naomba ile taarifa ukipata nafasi." Lugha ni ya heshima na hakuna amri iliyotolewa. Hata hivyo, anayeupokea anajua kwamba mkuu wake anaona ujumbe umeshasomwa, na kwamba mwenzake mmoja amekwisha kujibu, "Sawa, bosi." Anasogeza sahani pembeni na kufungua kompyuta, na mtoto aliyekuwa akimsomea kazi ya shule anafunga daftari bila kuambiwa. Huenda mkuu huyo si mtu mbaya hata kidogo. Huenda naye anasubiriwa na wa juu yake.

Ukomo wa saa za kazi si wazo la jana. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki kwa wafanyakazi wa viwandani, na kifungu cha 24 cha Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinaitambua haki ya kila mtu ya kupumzika. Tofauti ni kwamba kiwanda kilikuwa na geti, na mfanyakazi akishatoka getini mashine haikumfuata nyumbani, ilhali simu ya mkononi inalala naye kitandani. Madhara yake yanafika mwilini. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 na shirika hilo pamoja na Shirika la Afya Duniani ulieleza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kupata kiharusi kwa takriban asilimia 35, ukilinganisha na kufanya kazi saa 35 hadi 40.

Nafahamu kwamba waajiri watasema dharura hazina saa, na ni kweli. Lakini hospitali, mahali penye dharura za kweli kuliko popote, ziliweka utaratibu wa zamu tangu zamani: aliye zamu usiku huu anajulikana kwa jina, na wasio zamu wanalala. Ofisi nyingi zinadai uharaka kama wa hospitali bila kuweka zamu, ndiyo maana kila mmoja anakuwa zamu kila usiku, tena bila malipo.

Linaloniumiza zaidi ni namna tunavyotoa sifa. Anayejibu usiku ndiye anayeonekana anajituma, na jina lake ndilo linalotajwa nafasi ya cheo inapotokea. Mama anayenyonyesha, au kijana anayemuuguza mzazi, anabaki nyuma hata kama kazi yake ya mchana haina dosari.

Ufaransa, kuanzia Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kutojibu mawasiliano ya kazi nje ya saa za kazi. Waajiri wa kwingine hawahitaji kusubiri sheria. Naomba kila mwajiri aandike, katika ukurasa mmoja tu, ni mambo gani yanahesabika kuwa dharura, nani yuko zamu ya kuyapokea wiki hii na atafidiwaje, kisha wakuu wa idara wawe wa kwanza kuufuata ukurasa huo, kwa kuwa wa chini hawatathubutu kuzima simu wakati bosi angali anaandika.

Msomaji wako