Barua ya wazi kwenu mnaosimamia watafiti wa kike

Kwa wakuu wa idara, viongozi wa maabara na wasimamizi wa tasnifu katika vyuo vyetu,

Wanangu na wadogo zangu, salaam kutoka Morogoro. Baadhi yenu niliwafundisha kemia mwaka wa kwanza, wengine tulikaa pamoja kwenye kamati za kupandisha vyeo. Mnivumilie basi nikisema nanyi kama mama anavyosema na watu wa nyumbani kwake.

Kila tarehe 11 Februari, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga mwaka 2015 kwa ajili ya wanawake na wasichana katika sayansi, mnawaalika wanafunzi wa sekondari, mnawaonyesha hadubini na kuwahimiza wasiogope fizikia. Endeleeni, ni jambo jema. Lakini wale waliokwisha kuitikia wito huo, mnawafikisha wapi? Binti anamaliza shahada ya kwanza vizuri, anafanya ya uzamili, kisha katikati ya uzamivu, au katika mkataba wake wa kwanza wa utafiti, anatoweka kimyakimya. Ukiuliza unaambiwa ameolewa, ana mtoto, ameona afanye mambo mengine. Mara nyingi hakuondoka kwa kupenda. Alichoshwa na maamuzi madogomadogo yaliyorundikana, na wenye kuyafanya maamuzi hayo ni ninyi.

Chukueni safari za uwandani. Msimamizi mwenye moyo mzuri anasema: njia ni mbovu, kijiji kiko mbali, huyu ana mtoto mchanga, acha aende mwenzake wa kiume. Anaamini amemhurumia. Lakini aliyekwenda kuchukua sampuli ndiye anayeijua data, anayeijua data ndiye anayeandika makala ya kwanza, na mwenye makala ndiye anayepewa fedha za mradi unaofuata. Huruma ya siku moja inamgharimu miaka. Muulizeni mwenyewe kama anataka kwenda, na akisema ndiyo, tafuteni namna. Mwaka 1960, Jane Goodall alipotaka kukaa Gombe kuchunguza sokwe, wakuu wa kikoloni hawakukubali msichana wa miaka 26 aishi porini peke yake. Mama yake mzazi akafuatana naye miezi ile ya mwanzo, kazi ikaanza, na kituo kile kipo hadi leo. Sisi tunashindwaje kuweka kwenye bajeti posho ya msaidizi wa kike, au ya yaya wa kumshika mtoto anayenyonya? Iandikeni kama mnavyoandika dizeli na chupa za sampuli. Wapo wafadhili wanaokubali gharama hiyo, ila hawawezi kutoa kisichoombwa.

Sasa nije kwenye majina, maana hapa ndipo ninapoumia zaidi. Tarehe 17 Julai 1959, kule Olduvai, Louis Leakey alikuwa amelala kambini na homa. Mkewe Mary ndiye aliyetoka, akaliona lile fuvu la Zinjanthropus lililobadilisha hadithi ya asili ya binadamu. Kwa muda mrefu, watu wengi walipotaja ugunduzi ule walitaja jina la mume. Linganisheni na Pierre Curie, mwanafizikia wa Ufaransa. Mwaka 1903 waliopendekeza jina lake kwa Tuzo ya Nobel ya fizikia walimtaja yeye na Henri Becquerel, wakamwacha mkewe Marie, ambaye ndiye aliyeianza kazi ile ya mionzi kama utafiti wake wa udaktari. Mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, akamtonya Pierre, naye akaandika kwamba akifikiriwa, afikiriwe pamoja na mkewe. Tuzo ikatoka kwa majina matatu. Wanaume wawili walisema neno lililopaswa kusemwa, mahali ambapo mwanamke mwenyewe hakuwapo kujisemea.

Nafasi kama ile mnaipata kila mwezi. Mnakaa kwenye vikao ambavyo mtafiti kijana haingii, mnaulizwa nani aende kwenye mkutano, nani aandike sura ya kitabu, nani ajaze nafasi iliyoachwa wazi. Tajeni majina ya mabinti mnaowajua kuwa wanaweza. Na mpangilio wa majina kwenye makala ukubaliwe kwa maandishi kabla sampuli ya kwanza haijachukuliwa, si baada ya jarida kuipokea, wakati kila mkubwa amekwisha kukumbuka kwamba alichangia.

Kuhusu uzazi, sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 iko wazi: siku 84 za likizo yenye malipo, 100 kwa aliyejifungua pacha, na hadi saa mbili kila siku kwa ajili ya kunyonyesha. Lakini mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida si mwajiriwa wa chuo, kwa hiyo sheria hiyo inampita pembeni. Mwenye mkataba wa mradi anapata likizo yake, kisha anarudi na kukuta tarehe ya mwisho ya mradi haikusogea hata siku moja. Ombeni nyongeza ya muda mapema, mimba ikiwa bado changa, tena ombeni ninyi wenye mamlaka, msimwache yeye aende kubembeleza ofisi hadi ofisi. Mpeni pia chumba chenye kitasa na jokofu safi. Nimewahi kumkuta mtafiti akikamua maziwa katika stoo ya vitendanishi, yaani kemikali za maabara, katikati ya chupa za asetoni, kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine unaofungika. Mwanakemia hahitaji kuelezwa kwa nini hilo halifai.

Kazi za kuandika kumbukumbu za vikao, kupanga chai ya wageni na kuwasikiliza wanafunzi wenye matatizo zigawanywe kwa zamu, wanaume nao wamo.

Liko jambo zito ambalo sitalizunguka, nalo ni rushwa ya ngono. Sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, binti akilalamika, tunamwita pembeni na kumshauri abadilishe msimamizi, abadilishe mada, asiiharibu familia ya mwenzetu. Anaanza upya utafiti wake, na aliyemtendea anapokea mwanafunzi mwingine. Jamani, hapana. Anayepaswa kuondolewa kwenye usimamizi ni yule anayetuhumiwa, tangu siku ya malalamiko hadi uchunguzi uishe, na binti abaki na mada yake, data yake na ufadhili wake.

Nawageukia wadogo zangu wa kike mliokwisha kufika kwenye uprofesa. Baadhi yenu mnasema, "Sisi tulivumilia, nao wavumilie." Tulivumilia kwa kuwa hatukuwa na njia nyingine. Wenzetu wengi waliokuwa na akili kama zetu, na zaidi yetu, hawakufika. Mkiwahesabu hao, mtaacha kuyaita mateso yale malezi.

Kwa wanaouliza kama namna hii haishushi viwango, nawakumbusha Wangari Maathai. Mwaka 1966 alirudi Nairobi kutoka Marekani akiwa na barua ya kazi mkononi, akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Profesa Reinhold Hofmann, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo, akamchukua. Mwaka 1971 Wangari akapata uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati, na baadaye akaiongoza idara hiyohiyo. Hakupunguziwa mtihani wowote. Alipewa meza ya kazi, na msimamizi aliyetazama sifa zake.

Muhula unakaribia. Kabla haujaanza, fungueni orodha ya wanafunzi wenu wa uzamili na uzamivu, mtazame nani hajaenda uwandani, nani data yake imeandikwa na mwingine, nani amerudi kutoka uzazini na hajaongezewa muda. Kisha muiteni kila mmoja, mzungumze naye mlango ukiwa wazi, na mliyokubaliana myaweke kwenye barua rasmi ya idara ili hata msimamizi akihama haki yake isihame naye.

Mama yenu,
mhadhiri mstaafu wa kemia, Morogoro