Hiyo Alabama haikuwa ya kwanza

Bwana Mhariri,

Gazeti lako nalinunua tangu enzi za vijana wa Makadara kulinadi kwa sauti, na sijapata kukuandikia. Makosa ya tahajia nimeyavumilia, utabiri wa nyota nimeuvumilia. Lakini makala ya Jumapili iliyopita juu ya uharamia, ile yenye picha ya Maersk Alabama ikiingia Kilindini, imenishinda. Mwandishi wako amerudia neno kwa neno yale yaliyosemwa na mashirika ya habari ya ng'ambo Aprili 2009, kwamba hiyo ndiyo meli ya kwanza yenye bendera ya Marekani kutekwa na maharamia katika karibu miaka mia mbili. Halafu akaongeza la kwake: uharamia huota tu pale pasipo na serikali.

Jina la meli peke yake lingetosha kumshtua. Tarehe 19 Aprili 1861 Rais Lincoln alitangaza kwamba yeyote atakayeshambulia meli ya Marekani kwa kibali cha majimbo ya Kusini yaliyojitenga atahukumiwa kwa sheria za uharamia. Mwaka uliofuata ikaingia baharini meli ya Wakusini hao, iliyokuja kuitwa Alabama, chini ya nahodha Raphael Semmes. Kwa muda usiofika miaka miwili ilikamata meli za Marekani zipatazo 65, nyingi ikazitia moto. Kwa hesabu ya Lincoln mwenyewe, basi, miaka mia mbili ya mwandishi wako haifiki hata mia na hamsini.

Na meli hiyo ilitoka wapi? Haikutoka Eyl wala Hobyo, ngome za maharamia wa Somalia. Iliundwa Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, chini ya pua ya serikali iliyokuwa na nguvu za baharini kuliko zote duniani. Konseli wa Marekani, yaani mwakilishi wa serikali yake pale Liverpool, Thomas Dudley, alikusanya viapo vya mashahidi. Balozi wa Marekani London, Charles Francis Adams, akavipeleka kwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Lord Russell. Faili likatumwa kwa mwanasheria wa Malkia atoe ushauri, kumbe mzee wa watu ameshapatwa na maradhi ya akili, karatasi zikalala nyumbani kwake. Tarehe 29 Julai 1862 meli ikatoka kwa kisingizio cha kujaribiwa mashine, tena na wageni waalikwa juu yake. Wageni walirudishwa. Meli haikurudi. Mizinga ilipakiwa huko Azores, visiwa vya Ureno.

Meli ya makaa haiishi kwa upepo peke yake, Bwana Mhariri. Semmes aliingia Martinique, Kingston, Bahia, Cape Town, Singapore, na kote alipata maji, chakula, mafundi au makaa. Konseli wa Marekani analalamika, gavana anajibu kwa adabu kuwa nchi yake haina upande. Kwenye bandari za Waingereza walitunga hata kanuni: saa 24 na makaa ya kukufikisha kwenu, basi. Agosti 1863 aliikamata Sea Bride watu wa Cape Town wakitazama; konseli akapiga kelele, gavana akasema tukio lilikuwa nje ya mpaka wa bahari yake. Februari 1864 akatia nanga Nzwani, hapa hapa Komoro, akanunua ng'ombe na matunda. (Mabaharia wake, nimesoma, walisikitika kukuta mji wa Waislamu hauna kilevi.) Ni Tangier tu, kule Moroko, mwanzoni mwa 1862 kabla Alabama haijaondoka, konseli wa Marekani alipopata wenyeji wa kumsikiliza, Wakusini wawili wakatiwa minyororo. Faida nani aliila? Bima ilipanda, na meli mamia za Marekani zikahamia bendera ya Uingereza.

Lakini sikiliza mwisho wake. Wamarekani hawakuhangaika na mabaharia wa Semmes. Walihangaika na mwenye bandari. Waliandika barua miaka kumi, mpaka Septemba 1872 wasuluhishi watano huko Geneva wakaiamuru Uingereza ilipe dola milioni 15.5 kwa dhahabu. Ikalipa.

Sasa linganisha na sisi. Mwaka 2008 Baraza la Usalama likapitisha Azimio 1816 la kuruhusu manowari kuingia bahari ya Somalia, manowari zikajaa, Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya wakatia saini na Kenya mapatano ya kuwashtaki maharamia hapa, na vijana wenye njaa wakaletwa Mombasa kwa makundi. Tukajengewa chumba cha mahakama Shimo la Tewa na tukaambiwa tushukuru. Afweyne, aliyetajwa kuwa mkuu wa maharamia wa Somalia, alitembea na pasipoti ya kibalozi ya serikali ya mpito ya Somalia mpaka polisi wa Ubelgiji walipomhadaa mwaka 2013 kwamba watatengeneza filamu ya maisha yake. Bandari zilizomhifadhi, benki, waliompa pasipoti, mawakili na madalali wa London waliokula ada kila fidia ya kukomboa meli ilipolipwa, nani amewafungulia faili?

Na hapa ndipo ninapokuja mimi. Miaka ile nilikuwa nikiagiza vipuri vya cherehani kutoka Mumbai, mzigo mdogo wa kugawana kontena na wenzangu. Ankara ikaja na mstari mpya: malipo ya hatari ya uharamia. Nikalipa. Mwezi mwingine mstari umenenepa. Nikapanda ofisini kwa wakala wa kampuni ya meli, ambayo siitaji, nikamuuliza kijana wa kaunta mzigo wangu una thamani gani kwa haramia, sindano na mikanda ya cherehani? Akanijibu, "Mzee, ni maagizo ya juu." Nikauliza itaondolewa lini. "Maharamia wakiisha." Sawa. Maharamia wakapungua, ninyi wenyewe mkaandika vichwa vikubwa kuwa bahari imetulia, nikarudi. Mstari ulikuwapo, umebadilishwa jina tu, sasa ni wa dharura. Dharura gani? Kijana alikuwa mwingine, jibu lile lile. Na cherehani zikapanda bei, mafundi wa Marikiti wakaniona mimi ndiye haramia, nikafunga duka! Geneva nao walikataa kuhesabu gharama za bima, nalijua hilo. Lakini wafanyabiashara wa Marekani waliibana serikali yao mpaka wakapata mgao katika fedha zile. Yetu haijauliza hata kwa simu.

Napendekeza baraza la wasuluhishi watano, likae Lamu, si hotelini bali pale gatini juani: mvuvi wa Kipini, mke wa baharia aliyewahi kutekwa, fundi cherehani, mhasibu mmoja asiyejua Kiingereza cha bima, na konseli yeyote aliyesoma faili la Dudley. Makampuni ya meli yaje na vitabu vyao vya 2008 hadi leo. Risiti zangu ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, zote.

Na masahihisho ya ile miaka mia mbili yachapwe ukurasa ule ule wa Jumapili, kwa herufi zile zile, si chini kule pamoja na matangazo ya shamba linauzwa.

Msomaji wako,
Majengo, Mombasa