Shemeji, saa tano asubuhi utakuwa bado barabarani

Shemeji yangu,

Salamu kwanza. Dada ameninong'oneza kwamba raba ulizokuwa unajiandalia marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi mwakani umezitupa juu ya kabati tangu Jumapili, na chanzo ni wale vijana wa Nkuhungu waliokupita wakiwa na ndala, halafu wakageuka kukuuliza kama unaumwa. Nakuandikia hadharani kwa makusudi. Wenye kesi kama yako Dodoma hii ni wengi, na ningekutumia ujumbe wa simu ungejibu "poa" yakaishia hapo.

Tuanze na hesabu. Septemba 2025 Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu. Hiyo ni kama dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita, kilomita 42 na ushee. Wewe kilomita moja unaimaliza kwa dakika 7, tena siku umelala vizuri. Na usinitajie John Stephen Akhwari. Tunamsifu kwa kumaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 mguu ukiwa na bandeji, wa mwisho kabisa, ila muda wake hatuutazami: 3:25:27. Wa mwisho yule, na mguu mbovu, angekuacha kwa saa moja na nusu. Hata Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma hii hii, aliyeshika nafasi ya pili marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 1988, 1989 na 1990, hana ratiba ya kumfaa mtu anayeshuka basi la Mtumba jioni akiwa na njaa.

Sikuvunji moyo. Nataka uone kwamba wewe na wao hamfanyi kazi moja. Tuchukulie Moshi mwakani mnaanza saa kumi na mbili na nusu. Mtu wa kasi ya Simbu anamaliza kabla ya saa tatu, jua halijachachamaa. Wewe muda huo hata kupanda hujaanza, kwa sababu Kilimanjaro Marathon nusu ya kwanza ni barabara ya Dar es Salaam, tambarare, na kile kipande cha kupanda mlima kuelekea Mweka wamekiweka nusu ya pili. Saa tano asubuhi bado upo. Unachojiandalia ni kukaa kwenye mwendo kutwa nusu, juani, ukiwa umechoka. Kasi itakusaidia kidogo sana hapo.

Kwa hiyo ile mbio ndefu ya Jumamosi ipime kwa saa, achana na kilomita. Ratiba nyingi za mazoezi zinakutaka ufike kilomita 32 kabla ya siku yenyewe. Kwa mtu wa mbele hizo ni saa mbili. Kwako ni karibu saa nne, na ukishapita saa tatu na nusu unachovuna zaidi ni uchovu na hatari ya kuumia. Ongeza taratibu wiki hadi wiki, kila baada ya wiki chache punguza ili mwili uvute pumzi, na wiki mbili au tatu za mwisho shusha kabisa. Ndani ya mbio hiyo ndefu, tembea. Kimbia dakika nne, tembea moja, tangu mwanzo kabla hujachoka. Najua utaona aibu kutembea mbele ya watu Area C. Watazoea.

Na kasi? Unakumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi, tunakimbia alfajiri huku tunaimba? Vile vikundi vya jogingi vinavyopita mjini mwishoni mwa wiki vinafanya vilevile hadi leo. Ukishindwa kuimba, umezidisha. Siku nyingi za wiki zinatakiwa ziwe za kuimba. Ulichokuwa unafanya wewe, kukurupuka kila siku mpaka ulimi nje ili vijana wasikupite, ndicho kilichokuchosha.

Upepo wetu usiupuuze. Huvuma sana kutoka mashariki, kwa hiyo ukitoka mjini kuelekea Ihumwa anza nao usoni na urudi nao mgongoni, usifanye kinyume. Shika upande wa kulia wa barabara uyaone malori yanakuja, na vaa kizibao cha riflekta kabla hakujapambazuka. Njia za vumbi ni nzuri kwa magoti, ila angalia mbigili. Mwezi Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, joto ni kali kweli, lakini kwa mtu anayekwenda Moshi hilo si baya: mbio fupi moja kwa wiki itoe alfajiri uipeleke saa nne, ujue mapema kofia ipi inakufaa.

Sasa chakula, maana hapa ndipo watu wa kutumia saa tano njiani wanapoangukia. Wanga uliohifadhiwa mwilini huanza kuisha karibu na kilomita 30, miguu inagoma kama bajaji iliyokata mafuta. Kula kabla hujahisi njaa, kiasi cha gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa: tende, ndizi, glukosi ya boksi. Jaribu Jumamosi, usije ukagundulia Mweka kwamba tumbo lako halipatani na glukosi. Usiku wa kuamkia, ugali wako wa kawaida unatosha. Mlenda sikukatazi, wala sikushauri.

Maji nayo kunywa ukisikia kiu, wala si kila kituo. Wakimbiaji 488 walipimwa damu Boston mwaka 2002, asilimia 13 wakakutwa chumvi ya damu imeshuka kupita kiasi, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliotumia zaidi ya saa nne na waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Yaani watu wa kasi yetu, tunaopata muda wa kunywa.

Raba nunua iliyozidi kidogo, miguu huvimba. Mafuta ya mgando paka mapajani na kwapani, na plasta kwenye chuchu. Usicheke.

Limebaki moja, na hili si langu kulisema. Mbio ya saa tatu na nusu inakula asubuhi yote ya Jumamosi, halafu utalala mchana kutwa, utaamka unakula kila kilichopo. Watoto watakuwa na nani, sokoni ataenda nani, hayo kaa na dada myamalize kabla hujazishusha raba kabatini. Mimi simo.