Wajukuu, msilicheke jeshi la Bosnia

Wajukuu zangu mnaosoma historia na siasa vyuoni,

Nawasikia mkilijadili jeshi la Bosnia na Herzegovina, na wengi wenu mnalicheka. Jeshi lenye askari wapatao 10,000, amiri jeshi mkuu ni watu watatu, kila kabila lina batalioni zake! Mmoja wenu akasema hilo ni kikao cha harusi, si jeshi. Nilicheka nami, lakini haki haijatendeka.

Anzeni mwaka 1992. Kwa zaidi ya miaka mitatu nchi ile ilipigana kwa majeshi matatu: ARBiH la serikali ya Sarajevo, lililojaa Wabosniaki (Waislamu wa Bosnia), HVO la Wakroati, na VRS la Waserbia. Mapatano ya Dayton ya Novemba 1995 yalizima vita, ila hayakuziweka bunduki chini ya amri moja. Nchi moja ikabaki na wizara mbili za ulinzi: ya Shirikisho, yaani sehemu ya Wabosniaki na Wakroati, na ya Republika Srpska, yaani sehemu ya Waserbia. Hata ndani ya jeshi la Shirikisho, kila upande ulitii makamanda wake. NATO ikapeleka askari wapatao 60,000 wakae katikati.

Fedheha ndiyo iliyowasukuma kuyaunganisha majeshi hayo. Mwaka 2002 ilifichuka kwamba kampuni ya Orao, ya mji wa Bijeljina, ilikuwa ikihudumia injini za ndege za kivita za Irak wakati nchi hiyo iko kwenye vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Watu wakauliza: msimamizi nani? Ikaundwa tume, ikaja sheria ya 2005, na tarehe 1 Januari 2006 wizara zile mbili zikafutwa. Askari, mishahara na maghala ya silaha, vyote vikaingia wizara moja ya Sarajevo.

Hapa sasa ndipo nataka mtulie msome. Huwezi kumwambia askari awasahau wenzake aliowazika. Kwa hiyo ziliundwa rejimenti tatu za askari wa miguu, kila moja ikirithi upande mmoja wa vita. Rejimenti inatunza historia, nembo, makumbusho na siku za kumbukumbu. Basi. Haina mamlaka ya kumtuma hata koplo mmoja vitani. Amri inapita kwenye brigedi, ambazo makao yake yako Čapljina, Tuzla na Banja Luka, na kila brigedi imepewa batalioni moja kutoka kila rejimenti. Kamanda wa Tuzla akipatwa na wazimu wa kuunda jeshi la kwao, batalioni mbili kati ya tatu alizonazo si za kwao. Mimi sijaona ufundi mkubwa zaidi ya huo katika mageuzi yale yote.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Urais wa watu watatu, Mbosniaki, Mkroati na Mserbia, lazima ukubaliane, na mmoja akigoma jambo linalala. Hati za kambi na viwanja vya jeshi zimewagombanisha miaka na miaka. Mwaka 2010 NATO ilisema wazi kwamba mali hizo zisajiliwe kwanza kwa jina la dola ndipo Bosnia isonge mbele kuelekea kujiunga nayo, na wanasiasa wakavutana.

Pamoja na hayo, mwaka 2005, hata kabla wizara hazijafutwa, askari wa pande zote tatu walikwenda pamoja Irak kutegua mabomu. Maofisa wao wamekuwa waangalizi wa Umoja wa Mataifa hata hapa jirani, Kongo. Lakini katika baadhi ya miji ya Shirikisho bado kuna shule mbili chini ya paa moja, Wabosniaki huku, Wakroati kule, kila upande na mtaala wake.

Anayetafuta mada ya tasnifu basi nimempa: kwa nini waliopigana waliwezekana kuwekwa chini ya kamanda mmoja, na watoto wao wakashindikana kuwekwa darasa moja? Rasimu zileteni, nitazisoma kwa kalamu nyekundu.

Mzee wenu