Mosi, mtoto asikatwe umri

Mbagala, mwezi wa sita 2025

Mosi ndugu yangu,

Habari za Mwanza, shemeji hajambo, watoto je? Sisi huku tupo, mvua zimekata na vumbi la uwanjani kwetu limerudi vilevile kama unavyolijua.

Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Yaani huyo jamaa kaja baada ya mechi, kamsifia mwanao Karimu kwamba dogo anajua, mguu wa kushoto wa maana, halafu anakwambia tatizo mwaka wake wa kuzaliwa, 2010, umeshapitwa, tutafute cheti kingine kiandikwe 2012 ndio atamuingiza kwenye majaribio. Na wewe unaniuliza kaka nifanyeje maana kila mtu anafanya. Sikutaka kukujibu kwa voisi kwa sababu hili jambo nikianza kuliongea napandisha, nikaona nikae chini niandike.

Jibu langu hapana. Asikatwe hata mwezi mmoja.

Sasa tulia nikueleze maana mimi hawa Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, nimewafuata kuliko hata nilivyofuata Simba na Yanga, na ukiiangalia historia yao vizuri karibu kila sehemu iliyouma ndani yake kuna suala la umri. Anza na fainali za Afrika za vijana za 2005, zile za Gambia. Tulifuzu kaka! Madogo walicheza mpira, tukawatoa Zimbabwe, mtaani watu wanaongea kwamba sasa Tanzania tunaenda na huko mbele kuna Kombe la Dunia la vijana Peru. Ikaja habari kwamba kuna mchezaji wetu amezidi umri, mmoja tu, jina unalijua sina haja ya kuliandika, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wakatuondoa na Zimbabwe tuliowafunga wakapanda ndege wakaenda wao. Kijeba mmoja Mosi, wengine wote pale walikuwa watoto halali na wazazi wao walishajiandaa. Hao madogo hakuna aliyewarudishia kitu, miaka 17 huwa haiji mara mbili.

Na mpaka tukaja kukanyaga tena karibu na mlango ule ilipita miaka 12. Sasa 2017 ndiyo inanivuruga kabisa kichwa kwa sababu safari ile sheria ilitugeukia upande mzuri. Kocha Bakari Shime, na yule Mdenmark Kim Poulsen akiwa mshauri, walikuwa na timu iliyokaa pamoja muda mrefu, tuliwapiga Shelisheli nyumbani na kwao jumla 9 bila, Afrika Kusini tukatoka nao 1-1 kwao halafu 2-0 uwanja wa Chamazi, nilikuwepo Chamazi siku hiyo na sauti iliniisha. Mechi ya mwisho Congo Brazzaville, tukashinda 3-2 Uwanja wa Taifa, kule kwao wakatufunga 1-0, ikawa 3-3 na yale mabao yao mawili ya ugenini yakatutoa. Watu wakazima redio. Kumbe TFF, shirikisho letu la mpira, walikuwa wamekata rufaa kuhusu mchezaji mmoja wa Congo, CAF wakaagiza kijana apelekwe akapimwe MRI, hakutokea, Congo wakaondolewa na sisi tukaenda Gabon.

Hiyo MRI uielewe kwa sababu huyo jamaa yako hawezi kukwambia. Wanapiga picha kifundo cha mkono, hapa kiganja kinapoungana na mkono, unapovaa saa. Mfupa wa mtoto anayekua una mstari wa gegedu pale mwishoni, ndipo mfupa unapoongezekea, ukikomaa ule mstari unaziba mpaka hauonekani tena. Kwa mvulana chini ya miaka 17 ni nadra sana kukuta umeziba wote, kwa hiyo wakikuta umeziba unatolewa, hawasomi cheti wala pasipoti wala hawakuulizi umezaliwa hospitali gani. FIFA walianza kuitumia kwenye Kombe la Dunia la Nigeria 2009. Cheti unaweza ukatengeneza, mfupa utautengeneza wapi?

Basi Gabon. Mechi ya kwanza Mali, mabingwa watetezi, na ndio waliokuja kulibeba tena mwaka uleule, tukatoka nao suluhu, Kabwili langoni anadaka kila kitu. Ya pili Angola tukawachapa 2-1. Pointi 4. Mechi ya mwisho Niger, wao wana pointi 1 tu, sisi tunahitaji sare, sare tu Mosi, tunaingia nusu fainali na ukiingia nusu fainali tayari una tiketi ya Kombe la Dunia India. Ilikuwa Jumapili ya tarehe 21 Mei. Nilikuwa kwenye kibanda umiza pale karibu na stendi, watu wamejaa mpaka nje wengine wanachungulia kwenye matundu ya turubai, kuna mzee mmoja alikuja na mjukuu wake amevaa jezi ya Stars inamfika magotini. Niger wakapata bao. Moja. Tukasukuma, tukasukuma, halikurudi. Pointi zikalingana 4 kwa 4 na kwa kuwa wao walitufunga wakapita wao. Hakuna aliyeongea mle ndani. Mzee akamshika mjukuu mkono wakatoka, mwenye kibanda hakuzima hata tivii, picha inaendelea kuonyesha Niger wanashangilia na sisi tumekaa.

Lakini angalia waliocheza pale. Dickson Job na Kibwana Shomari wakapitia Mtibwa Sugar wakaja Yanga wakawa watu wakubwa, Job umemuona mwenyewe na Taifa Stars kwenye AFCON ya Ivory Coast. Walikosa India kwa bao moja ila hakuna aliyekuja kuwauliza kuhusu mifupa yao, na mpira wao ukaendelea kukua kwa sababu ulikuwa wa umri wao. Huyu wa mwaka 2012 wa kuandikwa akifika 20 za kwenye karatasi mwili una 22, na ile nguvu aliyokuwa akiwazidi nayo watoto imeshakuwa ya kawaida, anabaki hana kitu kingine alichojifunza. Nimewaona wengi sana mchangani huku.

2018 tukachukua CECAFA ya vijana, kombe la Afrika Mashariki na Kati, kule Burundi, tuliwafunga Somalia 2-0 fainali, na 2019 fainali za Afrika zikaja nyumbani. Hiyo nadhani unaikumbuka ulikuwa bado hujahamia Mwanza. Jumapili ya ufunguzi tarehe 14 Aprili, Taifa, Nigeria. Mimi mpira mtamu wa vijana kama ule sijauona tena: wametutangulia, tumerudi kipindi cha pili, penalti, Kelvin John anafunga, Edmund John anafunga, tunaongoza 4-3 dhidi ya Nigeria, jamani Nigeria! Uwanja unatetemeka. Halafu miguu ikaisha, wakasawazisha, wakaongeza, 5-4. Baada ya hapo Uganda 3-0, Angola 4-2, tukawa wa mwisho kundini na tumefungwa mabao 12 kwa mechi tatu nyumbani kwetu. Watu walimsema sana kocha Mirambo na wale watoto, maneno mengine sikuyapenda kabisa. Tena mtu akikwambia wenzetu wanakata umri na wanafanikiwa mkumbushe Guinea wa mwaka huohuo, walifika fainali hapahapa Dar, wakafungwa kwa penalti na Cameroon, halafu ikagundulika wachezaji wao wawili tarehe za kuzaliwa hazifanani na zile walizotumia kwenye mashindano ya Japan 2017. Wakafutiwa kila kitu, nafasi yao ya Kombe la Dunia Brazil wakapewa Senegal, na wakafungiwa. Miaka miwili nyuma walishajiandika wenyewe, hawakukumbuka. Huyo Karimu ana kadi ya kliniki, ana cheti cha shule ya msingi, ana picha kwenye simu za watu, utavifuta vyote?

Yaliyofuata nayapitia haraka. Morocco 2021 tulifuzu tukitokea CECAFA ya Rwanda, korona ikaifuta. Algeria 2023 hatukwenda, kanda yetu wakaenda Somalia na Sudan Kusini. Mwaka huu wa 2025 Morocco tena, Zambia, Uganda na wenyeji wote wametufunga, na Uganda hao wamekata tiketi ya Kombe la Dunia Qatar. Inauma, sikufichi. Mpaka naandika barua hii 2025 Serengeti Boys hawajagusa Kombe la Dunia hata mara moja.

Ila dada zao wamegusa! Na hapa mwite Zaituni asikie maana najua naye anapiga danadana kuliko kaka yake. 2022 Serengeti Girls waliwafuata Cameroon hukohuko Yaoundé wakawapiga 4-1, wakaja kumalizia 1-0 uwanja wa Amaan Zanzibar, ikawa timu ya kwanza ya taifa letu ya mpira wa miguu kufika Kombe la Dunia kwa ngazi yoyote ile. Nchi ni India, ileile ambayo kaka zao waliikosa kwa bao moja, na kocha ni Bakari Shime, yuleyule wa Gabon. Hebu fikiria huyo mtu alivyoshuka kwenye ndege. Mechi ya kwanza Japan wakatupiga 4-0, nikasema basi tumekuja kutembea. Siku tatu baadaye Ufaransa: Diana Mnally anafunga mapema, Christer Bahera penalti, wakarudisha moja, ikaisha 2-1 kwetu. Tumeifunga Ufaransa kwenye Kombe la Dunia. Kanada 1-1, robo fainali, Colombia wakatutoa kwa 3-0. Siku ya Ufaransa mama mmoja muuza mihogo hapa njiani aliacha karai linaungua amekuja kwenye simu yangu anauliza ni kweli hao ni watoto wetu, nikamwambia ndio mama, akakaa chini kabisa kwenye mchanga akaangalia mpaka filimbi ya mwisho.

Mosi kuna jambo sijawahi kukwambia, na ndilo hasa lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Unaikumbuka 1999, ile timu ya wilaya ya chini ya miaka 14. Mimi nilikuwa na 16. Mwalimu aliyekuwa anatupanga aliniambia nitumie jina na cheti cha mdogo wangu na mimi nikatumia, nikacheza winga ya kulia mashindano yote na nilifunga mabao na watu wakanibeba. Winga ya kulia ilikuwa yako. Wewe ulikuwa na 13 za kweli, ulikaa benchi mechi zote tano na fulana ya njano ya kupashia, na kila nikitoka mapumziko ni wewe uliyenipa maji. Mwaka uliofuata ukaacha mpira ukasema umechoka, na nyumbani kwenu wakasema huyu hana bidii. Mimi nilijua sio bidii. Nimelijua miaka 26 na tumekula harusi pamoja na kuzika wazazi pamoja na sijasema. Nisamehe ndugu yangu. Sisemi ungekuwa mchezaji wa taifa, hilo Mungu ndiye anajua, ila ile nafasi ilikuwa yako na niliichukua nikiwa naona.

Kwa hiyo huyo jamaa akikwambia 2012, jua mahali fulani hapo Mwanza kuna mtoto wa 2012 kweli, na ana baba yake.

Sasa cha kufanya. Karimu ana miaka 15, bado hajachelewa popote, mwaka 2010 wake ni mzuri kabisa. Kuna makocha wawili huku nawaamini, wanafundisha mpira kwa umri halisi na hawachukui hela ya cheti, nimeshaongea nao wamesema aje likizo wamuangalie wiki mbili. Atalala kwangu chumba kimoja na mwanangu. Mpandishe basi la asubuhi, nitampokea stendi ya Magufuli mwenyewe, na aje na nakala ya cheti chake kilekile cha siku zote. Zaituni naye kama shemeji ataruhusu aje, kuna timu ya mabinti inafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi hapa jirani na wanatafuta beki.

Nitumie namba za viatu vyao wote wawili, kuna jamaa wa mtumba Ilala anapata njumu nzuri ila zinaisha asubuhi.

Msalimie sana shemeji.

Ndugu yako,
Selemani